Ustaarabu, Maendeleo na Usasa: Maneno Matatu Katika Ufuko wa Ujiji

Katika shule zetu liko swali ambalo sisi waalimu huliuliza kila mwaka bila kulifikiri sana. Mwanafunzi huambiwa ataje tofauti za maisha ya zamani na maisha ya sasa, naye hujibu kama alivyofundishwa: zamani watu walivaa ngozi na magome ya miti, sasa wavaa nguo, zamani walikwenda kwa miguu, sasa waenda kwa gari, zamani walikuwa gizani, sasa wamo nuruni. Majibu huandikwa katika safu mbili zinazokabiliana, kushoto zamani na kulia sasa, na mwalimu hutia alama ya vyema. Sisi tuandikao haya tumefundisha hivyo miaka mingi, na alama za namna hiyo tulizozitia hazina hesabu.

Siku moja wanafunzi wa darasa la sita waliambiwa wataje kitu cha kisasa kilichoko Kigoma. Karibu wote waliitaja meli ya Liemba. Msichana mmoja, mzaliwa wa Ujiji, aliiandika Liemba katika safu ya zamani, na katika safu ya sasa akaandika taa za wavuvi wa dagaa. Tulimtia kosa. Alipoitwa aeleze, alijibu kwa adabu kwamba babu wa babu yake alikuwa mpakizi wa mizigo ya Liemba, basi yawezaje kuwa kitu cha sasa? Na zile taa, baba yake alizinunua mwezi uliopita. Tulimwambia arudi mahali pake. Jibu la kumpa hatukuwa nalo, wala hatukumwambia kwamba hatukuwa nalo.

Neno la mtoto yule limetusumbua, na ndilo lililotufanya tuyapime maneno matatu ambayo Kiswahili huyatumia kwa jambo hili: ustaarabu, maendeleo, na usasa. Watu wengi huyatumia kana kwamba ni majina matatu ya kitu kimoja. Sisi twaona sivyo. Kila neno lina safari yake, na kila moja limebeba hukumu juu ya nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Yafaa mwalimu aijue hukumu hiyo kabla ya kuitia katika kinywa cha mtoto.

Tuanze na ustaarabu. Wajuao Kiarabu wafahamu kwamba asili yake ni kitenzi chenye maana ya kujifanya Mwarabu, au kuzishika njia za Waarabu. Hata huko pwani halikuwa neno la kwanza. Kabla yake lilitawala neno uungwana. Mwungwana alikuwa mtu wa mji, aliyezaliwa huru, mwenye dini, adabu na usemi mzuri; na kinyume chake alikuwa mtumwa, au mshenzi wa bara. Katika karne ya 19, Masultani wa Unguja walipopata nguvu na mali, uungwana ulianza kuupisha ustaarabu. Maana yake ni kwamba kipimo cha mtu mwema, kilichokuwa katika mji wake mwenyewe, kilihamishiwa ng'ambo ya bahari.

Maneno yote mawili yalipanda bara pamoja na misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanya biashara wa Kiarabu na wa pwani wametangulia. Wapagazi na askari wa misafara walijiita waungwana, na kwa ajili yao Kiswahili kilichoenea ng'ambo ya ziwa katika Kongo kikajulikana kwa jina la Kingwana. Katika soko la Ujiji watu waliuziana samaki, chumvi, mawese na nafaka kwa ushanga uitwao sofi, uliotumika kama fedha. Nguo za merikani, zilizofumwa katika viwanda vya Marekani, zilivaliwa huku kabla ya Mzungu yeyote kuanzisha utawala katika ufuko huu. Kwa mtu aliyetoka Manyema, Ujiji ndio ulikuwa mji: nyumba za pembe nne, msikiti, lugha ya watu wengi, habari za mbali. Wengi hawakuja kwa hiari yao, maana ustaarabu huo ulivuka ziwa pamoja na mnyororo wa watumwa. Lakini watoto wa hao waliovushwa wakawa ndio wenye mji, wenye Kiswahili, na wenye kumwita Mha wa milimani mshamba. Aliyeitwa mshenzi jana, leo naye alikwisha kupata mtu wa kumwita hivyo.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Stanley mwaka 1871. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1872 kimefanya Ujiji ujulikane duniani kote, na watoto wetu hufundishwa mkutano wake na Livingstone kana kwamba hapo ndipo mambo mapya yalipoanza. Hapana budi kukisoma kitabu hicho kwa jicho la ukosoaji. Tim Jeal, aliyeandika habari za Stanley katika kitabu cha mwaka 2007, aeleza kwamba kurasa za shajara zihusuzo mkutano ule zimechanwa, naye adhani salamu ile mashuhuri ilitungwa baadaye. Kwetu sisi jambo hilo si kubwa. Kubwa zaidi ni lile ambalo Stanley mwenyewe alilisimulia akalipita bila kulipima: mtu wa kwanza kumwamkia kwa Kiingereza katika Ujiji hakuwa Livingstone, alikuwa Susi, mtumishi wake Mwafrika, mwenye kanzu nyeupe na kilemba cha merikani.

Wasomaji wetu wamtazame mtu huyu. Alitoka nchi ya mto Zambezi, amevaa kanzu kwa mtindo wa pwani, kilembani mwake ana kazi ya mashine za Marekani, anasema Kiingereza, anaishi katika mji wa Waswahili kando ya ziwa. Livingstone alipokufa mwaka 1873, yeye na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, nao ukazikwa katika kanisa la Westminster mwezi wa Aprili 1874. Mwaka huo huo Susi na Chuma walikwenda Uingereza, wakasaidia kueleza maandiko na michoro ya bwana wao ili kitabu chake cha mwisho kipate kutengenezwa. Kama usasa ni kukutana na dunia nzima na kupita katikati yake bila kupotea, basi katika Ujiji ya mwaka 1871 nani alikuwa mtu wa kisasa kuliko Susi? Lakini katika safu mbili za daftari zetu hana mahali. Kushoto yuko Mwafrika wa zamani, kulia yuko mgeni wa sasa, na Susi hakuandikwa popote.

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la Wazungu peke yao. Yamo katika maandiko ya Waswahili wenyewe. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, katika habari za maisha yake, huwaita watu wa bara washenzi bila kusita. Tena katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten mwaka 1901, imo safari ya Selim bin Abakari, aliyefuatana na Dokta Bumiller mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Selim aliwatazama watu wa huko, vyakula vyao na desturi zao, akaziandika kama vile wasafiri wa Ulaya walivyoziandika desturi zetu. Kwake yeye, mtu wa pwani, ustaarabu haukuwa kitu kilichokaa Ulaya yote sawasawa. Ulipatikana hapa na ukakosekana pale, na yeye ndiye aliyekuwa na kipimo mkononi. Msomaji wa Kiafrika hufurahi kuyasoma hayo, maana mara moja Mwafrika ndiye atazamaye. Sisi pia tulifurahi. Lakini furaha hiyo ina hila: kipimo hakikuvunjwa, kilibadili mkono tu. Kumshika mwingine na kumweka nyuma ni desturi ya kila ajionaye mbele.

Neno la pili ni maendeleo. Hili halikutoka nje. Limezaliwa na kitenzi chetu wenyewe, kuendelea. Jirani zetu wa Burundi husema iterambere, nalo lina maana ya kwenda mbele. Tofauti ni ndogo, lakini yafaa kuiona. Neno la Kirundi limeutaja upande: mbele. Neno la Kiswahili halikuutaja. Kuendelea ni kushika njia uliyokuwa nayo bila kukoma. Aliyekuwa akilima aendelea kulima, na mgonjwa aweza kuendelea kuumwa. Waliotumia neno hili katika siasa na katika shule walilitia maana ya kupanda ngazi, lakini katika kinywa cha mzee wa kijiji bado lauliza: kuendelea na nini?

Katika Kigoma neno hili lilikuja kwa reli. Njia ya gari la moshi iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi wa Februari 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Meli nayo ilikuja kwa njia hiyo. Iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku kama 5,000, ikaja kuunganishwa Kigoma. Iliteremshwa majini mwezi wa Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, gavana wa zamani. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, huku wamezipaka mitambo yake mafuta mazito ili isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alikuwa amelisikia mwaka 1867 likitajwa na watu wa kusini ya ziwa.

Kitu kilikuwa kimoja, lakini waliokiona hawakuona mamoja. Kwa Mjerumani, reli na meli vilikuwa shahada kwamba bara imeshikwa na ziwa limefungwa. Kwa mtu wa Ujiji ilikuwa habari ya hasara, maana reli haikuishia mjini kwake. Iliishia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina kirefu. Ufuko wa Ujiji ulikuwa wa maji haba, na mji uliokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara ukawa kitongoji cha stesheni. Anayesimama leo penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley haoni maji karibu, maana ziwa lilirudi nyuma likauacha. Kwa Mha wa milimani jambo lilikuwa jingine kabisa. Nchi yake haikupata viwanda wala mashamba makubwa. Ilipata kodi, na kodi ilitaka fedha, na fedha ilikuwa mbali. Katika zamani za Waingereza Waha wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko pwani kuwa manamba, yaani vibarua waliojulikana kwa namba walizopewa. Reli iliyoleta mambo mapya Kigoma ndiyo iliyowachukua vijana wa Buha kwenda kukata mkonge. Je, mtu huyo alikuwa nje ya maendeleo? Hasha, alikuwa ndani yake kabisa, ila mahali alipowekwa ni chini.

Baada ya uhuru neno lilipata enzi mpya. Mwaka 1972 ilifanyika Operesheni Kigoma, na watu waliokuwa wakiishi wametawanyika walihamishwa wakae pamoja katika vijiji, ili shule, zahanati na maji viweze kuwafikia. Nia yake haikuwa mbaya, na wako wazee wasemao hata sasa kwamba bila kijiji watoto wao wasingalisoma. Wako na wengine walioacha migomba yao, na makaburi ya wazee wao, wakatua mahali wasipopajua. Watu hao wawili walikwenda siku moja, kwa amri moja, kwa jina moja la maendeleo. Mwalimu atakayewaweka wote katika safu ya kulia na kutia alama ya vyema, amemwandika mmoja na kumfuta mwenziwe.

Neno la tatu ni usasa. Hili ni changa. Limetoka katika sasa, na sasa husemwa kuwa limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya saa hii. Lina ndugu yake aliyetangulia: mambo leo. Mwaka 1923 idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na jina hilo lilikuwa la sifa. Aliyelisoma alijihesabu kuwa mtu wa wakati wake. Miaka mingi baadaye maneno hayo mawili yaliungana yakawa mamboleo, na watu wakasema ukoloni mamboleo, yaani ukoloni uliovaa nguo mpya. Jambo la leo, lililokuwa sifa, likawa shutuma. Hivyo lugha yenyewe imekwisha kujua kwamba upya si wema. Wahenga walilijua hilo kabla ya gazeti lolote, waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Wataalamu wa nchi nyingine nao wamelishughulikia jambo hili. Johannes Fabian, aliyejifunza Kiswahili cha Katanga na kukiandikia vitabu, alitoa mwaka 1983 kitabu kinachowashutumu wenziwe. Asema kwamba mtaalamu hukaa na watu, hula nao, huzungumza nao, kisha arudipo kwao huwaandika kana kwamba watu hao waliishi katika wakati mwingine, sio wakati aliokuwa nao. Shutuma hiyo yaangukia daftari zetu pia. Bibi wa mwanafunzi, aliyeko nyumbani akianika dagaa asubuhi ile ile mtoto anapoandika insha, huandikwa katika safu ya zamani, kana kwamba amekwisha kufa.

S. N. Eisenstadt, katika makala ya mwaka 2000, alifundisha kwamba usasa si mmoja. Ni mwingi, na kila jamii huutengeneza kwa mapokeo yake. Maneno haya yanapendeza, na kwa muda sisi tuliyashika kama jibu la msichana yule: yeye ana usasa wake na mwalimu ana wake. Lakini tulipoyapima kwa habari za ufuko huu, tuliona yanapungua. Kama kila mtu ana usasa wake na wote ni sawa, basi manamba wa mkonge naye alikuwa na usasa wake na bwana shamba alikuwa na wake, na hakuna haja ya kuuliza kwa nini mmoja alikuwa na kitabu cha hesabu na mwingine alikuwa na namba. Fundisho linaloheshimu tofauti za watu laweza kufunika dhuluma kwa heshima hiyo hiyo.

Kwa upande huu James Ferguson atufaa zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 alieleza wafanya kazi wa migodi ya shaba ya Zambia. Walikuwa wameahidiwa maisha mapya, na kwa muda waliyaona: mshahara, nyumba, umeme, nguo nzuri. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na yale maisha yakaondoka. Kwa watu hao usasa haukuwa kitu kinachokuja. Ulikuwa kitu kilichopita, wakikumbukacho kwa uchungu. Hapo ndipo tulipomwelewa mwanafunzi wetu. Liemba ni kitu cha kisasa kilichozeeka. Ilibeba ahadi ya wakati mpya wa babu wa babu yake, nayo ikaendelea kufanya kazi mpaka karne hii ya 21, juu ya ziwa lile lile. Kuiweka upande wa zamani halikuwa kosa la hesabu. Ilikuwa hesabu iliyo sahihi kuliko yetu.

Na zile taa? Hapa twaomba wasomaji wetu wasiojua kazi za ziwa watuvumilie kidogo. Dagaa huvuliwa usiku, kwa kuwa huvutwa na mwanga. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni katika mtumbwi na kuwachota samaki kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Baadaye zilikuja karabai, na mitumbwi miwili ikafungwa pamoja ili kubeba wavu mkubwa ushukao chini na kuinuliwa. Siku hizi taa nyingi ni za betri, nyingine zikijazwa nguvu ya jua mchana. Chombo kimebadilika mara tatu, lakini maarifa ni yale yale: samaki huja kwenye nuru, na usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, maana nuru ya mwezi huishinda ya kwao. Taa ya kiwandani haikuufuta mwezi. Baba wa msichana yule, anunuapo taa mpya dukani na kisha kuhesabu siku za mwezi kama alivyohesabu babu yake, hakutoka safu moja kwenda nyingine. Aendelea, kwa maana halisi ya neno la Kiswahili.

Hatusemi kwamba kila kitu cha ziwani chaendelea vema. Wavu ulipokuwa mkubwa na taa zikawa nyingi, samaki walipungua, na mwaka 1982 wala mwaka mwingine wowote wa nyuma hakuna mzee aliyepata kuona ziwa likifungwa kwa sheria ya nchi zote nne zinazolizunguka. Mwaka 2024 lilifungwa, toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, na serikali ikakuita huko kulipumzisha ziwa. Neno hilo lilieleweka upesi na mvuvi ambaye kwa mapokeo hupumzika mwezi uking'aa; kilichomsumbua ni njaa ya miezi mitatu. Hapo tena shauri si la upya na ukale. Ni la nani abebaye gharama.

Liko jambo moja zaidi ambalo watu wa ufuko huu walioliona hawalisahau. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliikimbia nchi yao na kukusanyika Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na maji, karibu na mpaka. Liemba ilitumwa kuwachukua mpaka Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari moja. Lakini Kagunga hakuna gati. Meli ya Papenburg ilisimama mbali majini, na boti za mbao za wavuvi ndizo zilizowatoa wazee, akina mama na watoto ufukoni mpaka ubavuni pa meli. Meli peke yake isingalimfikia mtu hata mmoja. Boti peke yake zisingalitosha kuwafikisha wote Kigoma. Nani katika kazi ile alikuwa wa zamani, na nani alikuwa wa sasa? Mwenye kuokolewa hakuuliza.

Sisi wa misheni yatupasa kujitazama pia. Wazee wetu wa imani walifika Ujiji mwaka 1878 na mwaka 1879, Waprotestanti kwanza na Mapadre Weupe baadaye, na wengi wao walilala katika udongo wa nchi hii. Walileta Injili, na pamoja nayo walileta kitabu, saa, kengele na nguo, na haikuwa rahisi kwa msikilizaji kutenga Injili na vyombo vyake. Livingstone mwenyewe, katika hotuba yake ya Cambridge mwaka 1857, aliitaja biashara na Ukristo pamoja. Mahali pengi mwanafunzi wa dini aliitwa msomaji, na asiyesoma akawa ndiye mpagani. Kwa hiyo ustaarabu wa Waarabu na usomaji wetu vilifanana katika jambo hili: vyote viwili vilimfundisha mtoto kumwonea haya bibi yake. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu waliotutangulia, ambao bila wao tusingaliweza kuyaandika maneno haya. Twasema kwa kuwa haya ile bado twaifundisha, na sisi hatuna udhuru wao wa ugeni.

Basi tufanye nini katika darasa? Sisi twapendekeza mambo matatu madogo. Kwanza, zile safu mbili ziondolewe. Mahali pake mwanafunzi atwae kitu kimoja cha nyumbani kwao, kiwe kitenge, taa, redio, jembe, au wavu, aulize kilitoka wapi, nani alikileta, nani alikilipia, na kilikuta nini mahali kilipofika. Pili, maneno ustaarabu, maendeleo na usasa yasitumiwe kana kwamba ni mamoja. Na neno mshenzi lifundishwe kama historia, pamoja na waliolitamka na waliotamkiwa. Tatu, kila tusemapo kwamba jambo fulani ni la maendeleo, tuongeze swali moja: kwa nani, na kwa gharama ya nani? Mwenye imani hana sababu ya kuliogopa swali hilo. Injili yatusimulia juu ya mwenye nyumba ambaye akiba yake ilikuwa na vitu vipya na vya kale pamoja, wala hakuambiwa achague upande.

Tulimwita tena msichana yule, tukalifuta kosa katika daftari lake mbele ya wenziwe, na tukaeleza sababu. Alitushukuru, kisha akauliza swali jingine: kama Liemba ni ya zamani na taa ni za sasa, kanisa letu ni la upande gani? Darasa lilicheka, nasi tulicheka nalo, lakini swali lile hatukulitia alama. Wenzetu waalimu na makasisi walio na jibu, na watuandikie katika kurasa hizi.